Kimo cha Nguruwe wa Kalinzi

Dada yangu hakuwa mtu wa kupiga simu. Alikuwa na simu ndogo ya vitufe aliyoizima ili chaji isiishe, na akiwa na jambo alimtuma mtu yeyote anayeshuka mjini. Kwa hiyo asubuhi ile nilipoona ni yeye anayepiga, nilidhani kuna msiba. Nilikuwa kwenye kibanda changu cha kutengeneza mizani, jirani na soko, Kigoma mjini. Nilikuwa nimeifungua mizani ya muuza dagaa na springi yake nimeishika mkononi.

"Hakuna aliyekufa," alisema kabla sijauliza. "Nguruwe pori wameingia kwenye mihogo."

"Wameharibu kiasi gani?"

"Wewe na kiasi chako. Njoo uone."

Niliirudisha springi mahali pake, nikamaliza ile mizani kwa sababu mwenyewe alikuwa amesimama akisubiri, kisha nikafunga kibanda na kutafuta bodaboda ya kwenda Kalinzi.

Lazima nieleze kwa nini mtu aache kazi kwa ajili ya mihogo. Dada ni mkubwa wangu. Tulizaliwa Ujiji, na yeye aliolewa huko juu milimani, na mwanamume Mwislamu mwenzetu aliyekuwa na mikahawa michache na shamba la mihogo linalopakana na vichaka, moja ya mashamba ya mwisho kabla ya kuufikia msitu wa hifadhi. Mumewe alipofariki, binti yao wa pekee, ambaye ameolewa Ujiji, alimtaka mama yake ashuke wakae pamoja. Kila mtu alimtaka ashuke. Siku ya kuanua tanga dada alisimama mbele ya ukoo wote akasema, "Nitashuka siku nitakapokosa cha kuweka chunguni." Hakuna aliyembishia. Lakini kuanzia siku ile maneno yale yakawa kama makubaliano, na ndugu wote tukawa tunakitazama chungu chake.

Aliyaweza maisha yale. Mihogo ina faida moja ambayo mahindi hayana: haihitaji ghala. Inakaa ardhini, unachimba ya leo, ya kesho unaiacha ikue. Ardhi yenyewe ndiyo ghala. Sikuwahi kufikiria upande wa pili wa faida hiyo mpaka nilipofika na kuona ghala limefunguliwa.

Upande wa chini wa shamba ulikuwa umefukuliwa kana kwamba mtu amepita na trekta la kichaa. Mashina yalikuwa yamelazwa, mizizi imeng'olewa, mingine imeumwa nusu na kuachwa. Hilo ndilo lililoniuma: kuachwa. Muhogo uliokwisha ng'olewa na kutafunwa upande mmoja huoza upesi. Dada alikuwa akiokota vile vipande, anakata alama za meno kwa kisu, anaweka kilichobaki kwenye beseni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekuja na nini?"

Nilikuwa nimeleta dagaa na chupa ya mawese. Alivipokea, akaviweka kivulini, akaendelea kukata.

"Nimekwisha kumwendea mkuu wa nyavu," alisema. "Walikuja juzi. Hawakumpata."

"Hawakumpata nani? Si ulisema ni wengi?"

"Wao wanasema ni mmoja." Aliinua kisu akaonyesha kimo kifuani pake. "Wanasema yuko hivi."

Kule kwao kuna desturi ambayo kabla ya hapo niliisikia tu. Shamba likivamiwa, mwenye shamba hasaki peke yake. Anamwendea mkuu wa nyavu, mzee aliyerithi nyavu za katani kutoka kwa baba yake, naye anaita watu wenye mikuki na mbwa. Wakisharuhusiwa na serikali ya kijiji, wanafurusha vichaka vilivyo kati ya mashamba na msitu, kwa sababu msituni kwenyewe hawaruhusiwi kuingia. Hawalipwi chochote. Wakipata mnyama wanagawana nyama, na mwenye shamba anapewa mguu wa mbele. Lakini siku hiyo mwenye shamba ndiye anayewalisha, wapate wasipate, na idadi ya watu watakaoitwa huamuliwa na mkuu wa nyavu kwa kadiri ya ukubwa wa mnyama.

Kwa dada yangu mguu wa mbele haukuwa na maana, kwa kuwa hatuli nguruwe. Kilichobaki kwake ni kulisha tu. Na alikuwa anawalisha nini? Mihogo.

Nilikaa nikaliwaza jambo hilo kwa utaratibu, kama ninavyoiwaza mizani isiyosema kweli. Nguruwe anakula mihogo. Ili aondolewe, wasakaji lazima wale mihogo. Kadiri nguruwe anavyosemwa kuwa mkubwa, ndivyo wasakaji wanavyoongezeka. Kwa hiyo kila sentimita iliyoongezwa na msimuliaji ilikuwa inachimbwa kutoka shambani kwa dada yangu.

Jioni ile mkuu wa nyavu alipita na mtu mwingine, mwanamume wa makamo mwenye maneno mengi, ambaye siku ya kwanza alikuwa ameshika mwisho wa wavu. Yeye ndiye pekee aliyemwona mnyama. Walikaribishwa kahawa.

"Fundi," mkuu wa nyavu aliniambia, "nilikuwa na wanaume sita. Nilidhani tunasaka ingurube, nguruwe wa kawaida tu. Huyu mwenzangu nusura auawe."

"Ulimwona vizuri?" nilimuuliza yule wa mwisho wa wavu.

"Nilimwonaje vibaya? Alinipita hapa." Alionyesha kifua. "Ndama, kaka. Ndama aliyeachishwa kunyonya. Meno kama mpini wa jembe. Nywele za mgongoni zimesimama, nyeupe, kama mzee wa kanisa."

"Alikupita kwa kasi?"

"Kama pikipiki."

"Na wewe ulikuwa umesimama?"

Mkuu wa nyavu alicheka ndani ya kikombe. "Alikuwa juu ya mti."

"Nilikuwa napanda," yule alisema. "Kupanda na kuwa juu ni vitu viwili."

Tulicheka wote, hata dada. Kisha mkuu wa nyavu akaweka kikombe chini na kumwambia dada kwa upole kwamba safari hii ataleta watu ishirini. Dada aliitika kwa kichwa. Nilimwona akitazama upande wa juu wa shamba, ule ambao haujaguswa, kama mtu anayehesabu vichwa vya wageni mlangoni.

Kesho yake asubuhi nilichukua futikamba, ile ninayotumia kazini, nikaenda vichakani. Sikusoma zaidi ya darasa la saba, lakini nina tabia ya kununua vitabu vikuukuu vinavyouzwa chini sokoni, na nina kimoja cha wanyama kisicho na jalada ambacho nimekisoma mpaka kurasa zimelegea. Najua mambo mawili matatu kuhusu nguruwe pori. Hutembea kwa familia. Hugaagaa matopeni, kisha hujikuna kwenye miti, na matope yanabaki kwenye gome. Na kwato zao zinadanganya: kwenye mteremko wenye matope kwato huteleza na kupanuka, mtu akiona alama anadhani amepita ng'ombe.

Nilishuka mpaka kijitoni, mahali pa tambarare, penye mchanga mgumu. Hapo alama zilikuwa safi, na zilikuwa za saizi tofauti: kubwa, za wastani, na ndogo sana za watoto. Kubwa kuliko zote ilikuwa pana kama vidole vyangu vitatu. Kisha nikatafuta miti ya kujikuna. Niliipata, na nikapima urefu wa matope kutoka ardhini kwenye kila mti. Yalikomea katikati ya paja langu. Juu ya hapo gome lilikuwa kavu na lina kuvu.

Nilirudi nimeridhika, na sasa nalikumbuka ridhiko lile kwa uchungu. Nilikuwa na uhakika kwamba mtu akielezwa vizuri atakubali. Familia ya nguruwe wa kawaida, pengine mmoja wao mkubwa kidogo. Hao wanatosha kabisa kumaliza shamba. Watu walikuwa wameona hasara kubwa wakaigeuza kuwa mnyama mkubwa.

Nilimkuta mkuu wa nyavu nyumbani kwake akitengeneza wavu, akipitisha kamba ya katani kwenye tundu lililochanika. Baadhi ya watu wake walikuwapo. Niliwaeleza. Waliisikiliza habari ya kwato, wakaisikiliza habari ya miti, na nilipotoa futikamba mmoja wao akauliza:

"Fundi, unamshonea suruali?"

"Mwislamu ana haraka gani na nguruwe?" mwingine akadakia. "Mguu wako tutakutunzia, usihofu."

"Matope yanafika hapa," nilisema, nikaweka mkono pajani. "Mnyama wa kimo cha kifua angeacha matope kifuani."

Mkuu wa nyavu hakuwa amecheka. Aliivuta kamba akaikaza kwa meno kwanza. "Umepima vizuri," alisema. "Ila umepima tumbo. Nguruwe mkubwa hajikuni mgongo. Hujikuna tumbo."

"Mzee, anajikunaje tumbo kwenye mti uliosimama?"

"Wewe ukiwashwa tumboni unashindwa?"

Vicheko vilivyofuata vilizima habari yangu yote. Lakini nilipoondoka alinisindikiza mpaka njiani, na hapo akaniambia kwa sauti nyingine kabisa: "Fundi, mimi siwezi kuwaita wanaume na mikuki nikawaambia mnyama ni mdogo. Akimwua mtu?"

Aliyekuwa na nyavu, na ambaye angejibu kwa wake za watu wake, alikuwa yeye.

Nilimwomba jambo moja tu, alete watu wachache. Alisema ataangalia. Nilipomwambia dada, alikasirika, na si kwa sababu niliyoitarajia.

"Nani alikutuma useme ni mdogo?"

"Nilikuwa nakuokolea chakula."

"Chakula!" Alikuwa akipepeta maharagwe, alisimamisha ungo. "Wewe unajua wanavyosema hapa? Mashamba ya wengine hayajaguswa. Kama ni nguruwe wa kawaida, basi ni mimi sikulinda. Mwanamke wa Ujiji, anajua nini. Akiwa mkubwa, angalau ni mkubwa."

Sikuwa nimepima upande huo.

Siku ya kusaka walikuja zaidi ya ishirini, maana habari ilikuwa imefika vijiji vya jirani na kila mwenye mkuki alitaka aseme alikuwapo. Dada na wanawake wawili majirani walikuwa wameanza kuchimba kabla jua halijatoka. Walichimba upande wa juu, ule mzima. Sufuria mbili kubwa za kuazima zilijaa mihogo, nyingine maharagwe na wale dagaa wangu. Wanaume walikula kwa heshima, wakashukuru, wakaongeza. Nilimwona dada akimwongezea yule wa mwisho wa wavu bila kumtazama.

Kisha wakaenda kutega, na hapo ndipo lilipofanyika kosa ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko kosa lolote la mizani.

Wavu wa nguruwe huning'inizwa kwenye vijiti vyepesi, na ukingo wake wa chini hulazwa ardhini na kushikwa kwa vigingi, kwa sababu nguruwe anapofurushwa hukimbia ameinamisha kichwa. Anaingia, vijiti vinaanguka, wavu unamfunika. Mkuu wa nyavu alilijua hilo tangu utotoni. Lakini alikuwa na nyavu za kimo kile kile alichoachiwa na baba yake, na mnyama alikuwa amesemwa kuwa wa kimo cha kifua. Alihofia ataruka juu. Akaamuru ukingo wa juu upandishwe ufungwe kwenye miti, na wavu ulipopanda juu, chini ulining'inia hewani.

"Mzee, chini pamebaki wazi," nilisema.

"Kwa sungura," alisema. "Huyu hapiti hapo."

Nilisimamishwa nyuma ya wavu, mahali walipodhani ni salama, kwenye mwinuko. Ziwa lilionekana mbali chini, jeupe kwa jua. Wapiga kelele walianza upande wa pili wa kichaka, wakigonga madebe, na njuga za mbwa zikaanza kusogea. Dada alikuwa amekuja. Hakupaswa kuwapo, lakini alikuja akasimama karibu nami, ameshika ncha ya kanga kwa meno.

Kichaka kilitikisika na mnyama akatoka.

Nitaeleza nilichokiona kama nilivyokiona. Niliona kitu kikubwa. Kilikuwa chekundu kilichokolea weusi, kina kichwa kirefu na nywele nyeupe mgongoni, na kwa muda ule mfupi macho yangu, haya haya yanayosoma mshale wa mizani, yaliona ndama. Niliona kimo cha kifua. Kama ungenisimamisha pale pale ukaniapisha, ningeapa. Kilikuja moja kwa moja kwenye wavu, kikainama, kikapita chini yake bila kuugusa, na nyuma yake wakapita wengine, wadogo kwa wakubwa, mstari mmoja, wakaingia msituni. Mikuki miwili ilirushwa ikachoma majani. Mbwa walifika wakati wavu bado umening'inia, umetulia kabisa.

Nilishuka na futikamba na kupima kutoka ardhini mpaka ukingo wa chini wa wavu. Ulikomea juu kidogo ya goti langu. Mnyama aliyeinama kidogo tu na kupita hapo bila kuutikisa wavu hawezi kuwa wa kimo cha kifua. Futikamba ilisema hivyo. Macho yangu yalisema vingine, na nikaamua kuiamini futikamba. Sikumwambia mtu. Nilipoinua kichwa, dada alikuwa amekwisha kuondoka kurudi kupika, kwa maana watu walikuwa na njaa tena.

Wakati wa kula hakuna aliyesema habari ya wavu uliopandishwa. Hilo lisingemfaa yeyote. Badala yake nilikaa pembeni nikasikiliza nguruwe akikua. Wa mwisho wa wavu alisema ameona mkuki ukimgonga ubavuni ukadunda. Mwingine akasema aliusikia mlio, kama umegonga bati. Wa tatu, mtu mzima, mpole, asiyekuwa na kawaida ya utani, akasema kwamba mnyama alipopita chini ya wavu alijifanya mdogo.

"Alijifanyaje mdogo?" niliuliza.

"Alipungua."

Mtu akaweka chini kipande cha muhogo alichokuwa nacho mkononi. Nikajua, kabla hajatamka yeyote, ni wapi habari ile ilikuwa inaelekea. Mnyama anayeongezeka na kupungua si mnyama. Ni wa mtu. Ametumwa. Na kama ametumwa kwenye shamba moja tu kati ya mashamba yote, basi kuna ugomvi baina ya mwenye shamba hilo na mtu mwingine, na mwenye busara haingilii.

Waliaga kwa heshima. Baada ya hapo hawakuja tena.

Nilimfuata mkuu wa nyavu mara mbili. Nilimwambia watu sita wanatosha, wavu ulazwe chini, chakula nitaleta mimi kutoka mjini. Mara ya kwanza alisema watu wana palizi. Mara ya pili alinikaribisha ndani, akanipa kiti, akasema, "Fundi, mimi nasaka wanyama. Nilisaka na baba yangu, nasaka mpaka leo. Kitu kile sikijui." Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshindwa kazi ya ukoo wake, na sikuona namna ya kumwambia kwamba kilichomshinda ni wavu alioupandisha mwenyewe. Nikanywa maji nikaondoka. Afisa wa wanyamapori alikuwa mmoja kwa vijiji vingi. Alichukua taarifa yetu na kusema zamu yetu itafika.

Tukabaki wawili. Nilifunga kibanda changu cha mizani nikahamia kule. Tulikata matawi ya miiba tukazungushia shamba upande wa vichaka, nguruwe wakapita. Tulining'iniza makopo kwenye kamba ili yagongane. Siku chache yalisaidia, kisha wakayazoea. Tulikesha kwa zamu na moto, na asubuhi tukakuta wameingia upande ule ambao moto haukuwapo. Kila asubuhi nilipita na kutazama alama, na kila asubuhi zilikuwa zile zile: kubwa ya vidole vitatu, za wastani, ndogo za watoto. Familia yenye njaa. Nilianza kuzichukia zile za watoto kuliko nyingine zote, kwa sababu zilionyesha kwamba wao wanaongezeka.

Mwishowe dada alisema tuchimbe yote iliyobaki. Ilikuwa michanga. Ulikuwa ukiinua shina kwa nguvu ya kiuno, kama ulivyozoea, na linakuja kirahisi mno mpaka unapepesuka, chini yake kukiwa na mizizi kama vidole vya mkono. Ukiipika inakuwa maji. Tulichimba siku nzima, tukishindana na mnyama ambaye sisi ndio tulikuwa tunammalizia kazi. Kuna wakati nilimsikia akihema vibaya nikageuka. Alikuwa amepiga magoti, anafukua kwa mikono udongo ambao jembe lilikwisha kuupitia.

"Dada, hapo hakuna kitu."

"Najua."

Aliendelea kufukua.

Siku zilizofuata nilileta unga kutoka Gungu, ninakoishi. Aliufunga vizuri akauweka pembeni. Nilimuuliza kwa nini hausongi.

"Nikila unga wa Gungu niko Gungu tayari," alisema. "Kubaki huku juu ni kujisumbua tu."

Na asubuhi moja alifanya kitu ambacho sikukitaka kukiona. Aliwasha moto, akateleka chungu chenye maji. Akakaa mbele yake. Maji yakachemka, akayatazama yakichemka, wala hakuinuka kutafuta cha kutia. Kisha akakiepua chungu, akayamwaga maji kwenye shina la mkahawa ulio karibu na mlango, akakifuta kwa kanga na kukipakata.

"Mpigie binti yangu," alisema.

Mkuu wa nyavu alikuja kumuaga. Alisaidia kufunga mizigo kwenye pikipiki, akaibana mikeka kwa kamba ya katani, mafundo mazuri ambayo baadaye yalinipa shida kuyafungua. Alimshika dada mkono kwa mikono yake miwili.

"Shemeji, usiseme umeshindwa na nguruwe. Yule hakuwa nguruwe."

"Ahsante shemeji," dada alisema.

Nilikuwa nimesimama karibu, na katika mfuko wa koti ilikuwamo futikamba.

Sasa anaishi Ujiji kwa binti yake, kwenye nyumba yenye uwanja wa saruji. Wanawake wa jirani walikuja kumpa pole na kumuuliza kilichomleta. Nilikuwapo siku moja, nakaza bawaba ya mlango wa jikoni. Alijibu kwa sauti tulivu, kama mtu anayetaja bei ambayo haipungui.

"Alitokea nguruwe huko. Mkubwa kama ng'ombe."

"Subhana'Allah. Ng'ombe mzima?"

"Dume," alisema dada, na akanitazama.

Wanawake nao wakanitazama, maana walijua kazi yangu, na mmoja akasema, "Fundi wa mizani si huyu hapa? Fundi, ulimwona?"

"Nilimwona," nilisema.

"Na ni kweli?"

"Nilimwona kama anavyosema."

Hayo yalikuwa kweli, kwa muda ule mfupi niliousimulia. Nikarudi kwenye bawaba.

Mvua za kwanza zilipoanza, nilikwenda kumjulia hali nikamkuta amesimama mlangoni, anautazama uwanja wa saruji unavyotiririsha maji. Alikuwa ameamka tangu alfajiri, binti yake aliniambia, na amekuwa akiulizia jembe ambalo wanajua kabisa lilibaki juu. Hakunijibu salamu. Alisema tu, "Mpigie. Muulize kama kuna mtu amelima pale."

Nilimpigia mkuu wa nyavu. Mstari ulikuwa mbaya kwa sababu ya mvua. Alisema hapana, hakuna aliyelima pale, wala mashamba mawili ya jirani. Watu wamerudi nyuma, wanaogopa, vichaka vimekwisha kushuka mpaka kwenye mikahawa. Alinieleza na mengine. Nilimshukuru, nikakata simu.

"Hakuna aliyelima," nilimwambia dada.

"Na yeye? Wanasemaje?"

Nilifikiri kumwambia habari ya alama za kijitoni, za vidole vitatu, na zile ndogo. Nilikuwa nazo zote kichwani, kwa mpangilio.

"Wanasema amezidi kukua."

Alivuta kanga mabegani kwa ajili ya baridi.

"Atakosaje kukua," alisema, "na shamba lote ni lake."